Kutoka Kungoja hadi Kulaki: Sarufi ya Furaha katika Msamiati wa Marejeo ya Kristo

Ikisiri

Makala hii inachunguza vitenzi ambavyo Wakristo wazungumzao Kiswahili huvitumia wanapotaja marejeo ya Kristo, hususani -ngojea, -subiri, -tazamia, -kesha, -nyakuliwa na -laki. Hoja yake ni kwamba furaha ya taraja hiyo haimo katika vitenzi vya kungoja, bali imehifadhiwa katika kitenzi -laki. Na kwamba kitenzi hicho kimefifia katika mahubiri kwa sababu ya kisarufi: hakikupata nomino, ilhali jirani yake katika aya moja, -nyakua, kimezaa unyakuo. Data imetokana na Biblia ya Union Version (1952), Biblia Habari Njema, methali, na matumizi ya kawaida ya lugha katika pwani ya kaskazini ya Tanga, hasa Horohoro, mahali ambapo kungoja, kupokea wageni na kuulizwa uraia ni mambo ya kila siku.

1.0 Utangulizi: Mpaka wa Biblia Mbili

Horohoro ni kituo cha mpaka katika Wilaya ya Mkinga, kilomita zipatazo 65 kaskazini mwa mji wa Tanga. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Kidigo husemwa pande zote mbili. Upande wa bahari, huko Vanga na Wasini, kuna Kivumba. Ukishuka kusini mwa Tanga kuelekea Pangani unakutana na Kimtang'ata. Wenyeji walio wengi ni Waislamu, na makanisa yaliyopo yana waumini wengi waliotoka bara kwa ajili ya kazi, biashara au ndoa.

Kwa mwanaisimu, mahali hapa pana historia ambayo haisemwi sana. Mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia kwenye mlango wa mto Umba, ulikaribiana mno na mpaka mwingine ambao haukuwa wa kiserikali. Kusini yake ilienea Biblia ya Kiunguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya UMCA, ambayo ilikuwa na makao Unguja na pia Magila, karibu na Muheza. Biblia hiyo kamili ilitoka mwaka 1891. Kaskazini yake, wamisionari wa CMS wa Mombasa walitumia Kimvita, na Biblia yao ilikamilika mwaka 1914. Kisha Karl Roehl, aliyekuwa amefanya kazi Usambara, akatoa tafsiri ya tatu mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Union Version ya mwaka 1952 ilikuja kuwaunganisha wasomaji wa pande hizo, na jina lake lenyewe linatangaza kazi hiyo. Kwa hiyo, hadi katikati ya karne iliyopita, Wakristo wawili waliotenganishwa na mwendo wa saa chache katika eneo hili waliweza kumngojea Bwana mmoja kwa maneno yasiyofanana.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba taraja yenyewe si ya Wakristo peke yao. Kurudi kwa Nabii Isa ni sehemu ya imani ya Waislamu pia, na maneno kama kiyama, subira na Masihi yalikuwa yamekwisha zoeleka pwani kabla mmisionari yeyote hajafungua daftari. Union Version haikuyakwepa: neno kiyama limo katika Injili. Roehl alitaka lugha safi zaidi, lakini inaelekea kwamba alilipa gharama ambayo msomaji wa pwani aliihisi mapema kuliko msomaji wa bara. Neno likiwa na jirani anayelielewa, halihitaji kuelezwa upya kila Jumapili.

2.0 Vitenzi vya Kungoja na Vinachobeba

Mtu anayemngoja ndugu yake atokaye Mombasa kwa basi anaweza kuelezwa na wapita njia kwa namna mbalimbali:

(1) a. Mama anamngoja mwanawe.
b. Mama anamngojea mwanawe.
c. Mama anamsubiri mwanawe.
d. Mama anamtazamia mwanawe.
e. Mama amekwenda kumlaki mwanawe.

Katika (1a) kitenzi hakisemi lolote kuhusu moyo wa mama. Kinaeleza tu kwamba hajaondoka kwa sababu mwingine hajafika. Mtu humngoja mgeni, humngoja pia mdai wake. Methali isemayo ngoja ngoja huumiza matumbo imeukariri mzizi huo makusudi, na maumivu yametokana na ukariri wenyewe: kungoja kusikokwisha. Kauli ya kutendea katika (1b) inaongeza mwelekeo. Anayengojewa anakuwa sababu ya kungoja, si kitu tu kinachokosekana. Wazungumzaji wengi wa leo hawatofautishi sana (1a) na (1b), lakini watafsiri wa Union Version waliitunza tofauti hiyo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike (1:10), Mwana atokaye mbinguni anangojewa, hangojwi.

Kitenzi -subiri ni kizito zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kustahimili, na hata pale ambapo limedhoofika na kuwa kisawe cha -ngoja, bado lina harufu ya mzigo. Ofisa dirishani husema "subiri kidogo", na yule aliye kwenye foleni anajua kwamba anaombwa uvumilivu, haombwi furaha. Kweli, upo usemi wa subira yavuta heri, ambao sarufi yake inapendeza kwa kuwa subira ndiyo mtenda wa -vuta. Haikai chini, inavuta kamba. Hata hivyo heri iko mwisho wa kamba, haiko mikononi mwa anayevuta.

Kitenzi -tazamia ndicho kilichopewa kazi kubwa. Pale ambapo Kigiriki cha Agano Jipya hutumia kitenzi cha kungoja kwa shauku, Union Version mara nyingi huweka -tazamia: ndivyo ilivyo katika Waraka kwa Wafilipi 3:20, Waraka kwa Waebrania 9:28, na mahali kadhaa katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi. Si kila mahali. Katika aya ya 25 ya sura hiyo hiyo watafsiri wamerudi kwenye -ngojea na kuiongezea saburi, huenda kwa sababu hapo kinachozungumzwa ni kitu kisichoonekana, na jicho halina kazi. Ikiwa ndivyo, walikuwa makini kuliko wanavyosifiwa.

Kimofolojia, -tazamia ni -tazama pamoja na kiambishi cha kutendea. Anayetazamia ameelekeza macho upande ambako mtu atatokea. Mama wa (1d) hajulikani kama amekaa au amesimama, lakini anajulikana anakoangalia, na kungoja kwake kumekuwa tendo. Lakini kitenzi hicho kina maana ya pili ambayo wazungumzaji wa pwani hawajaisahau: kutazamia ni kupiga bao, kuagua yajayo. Maana hizo mbili ziko karibu kiasi cha kutisha. Anayeelekeza macho kwa mtu ajaye akianza kuhesabu siku za kufika kwake, amevuka kutoka maana ya kwanza kuingia ya pili bila kubadilisha neno.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni ule wa wafuasi wa William Miller huko Marekani, waliotazamia Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844 na wakapambazukiwa bila kumwona. Kwa sadfa tu, mwaka huo huo Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, akawazika mkewe na mtoto wao mchanga, na akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Matukio hayo hayahusiani. Hata hivyo, kutokana na mavuno ya lile la kwanza likaja kutokea Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo lilifika Upare mwaka 1903, si mbali na pwani hii. Jina rasmi la kanisa hilo limebeba mambo mawili, ujio na siku ya ibada. Watu wa kawaida wamechukua moja tu na kuwaita Wasabato. Lugha ya mtaani ilichagua kinachoonekana kila wiki, ikaacha kinachotazamiwa.

3.0 Kukesha

Kuhusu -kesha hapana haja ya maneno mengi. Ni amri inayorudiwa katika Injili, na Kiswahili kilikuwa na kitenzi chake tayari, chenye undugu na kucha na kesho. Anayekesha hupita usiku akiwa macho hadi kuche. Kinachostahili kutajwa ni kwamba pwani hukesha kwa mambo mawili yanayopingana, matanga na harusi, na muktadha ndio unaoamua. Mfano wa wanawali kumi katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo ni mkesha wa harusi, na pwani haikuhitaji ufafanuzi wake: taa, mafuta, bwana harusi anayechelewa, usingizi, kisha kelele usiku wa manane na watu kutoka mbio. Mkesha unaohubiriwa kwa sauti ya matanga umebadilisha tukio, hata kama kitenzi ni kile kile.

4.0 Kunyakuliwa na Kulaki

Aya ya 17 ya sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike ndiyo kiini cha mjadala huu. Katika Union Version ina vitenzi viwili vikuu. Cha kwanza ni tutanyakuliwa, kauli ya kutendwa, njeo ijayo. Cha pili ni tumlaki, kauli ya kutenda, katika dhamira tegemezi inayoonyesha kusudi. Mpangilio huo una uzito. Waamini ni watendwa kwanza, kisha ni watenda. Wanachukuliwa ili wapate kufanya jambo. Jambo lenyewe ndilo shabaha ya sentensi, na kunyakuliwa ni njia tu ya kulifikia.

Kinachotokea katika matumizi ya kanisani ni kinyume. Kutokana na -nyakua, Kiswahili cha mahubiri kimeunda nomino unyakuo, na nomino hiyo imekuwa jina la fundisho zima: siku ya unyakuo, kabla ya unyakuo, kuachwa kwenye unyakuo. Kutokana na -laki hakuna nomino iliyozoeleka kanisani. Ni kanuni inayojulikana katika unominishaji kwamba tendo likipata jina huweza kuhesabiwa, kupangiwa tarehe, kuandikiwa kitabu na kuogopwa. Tendo lililobaki kitenzi hulazimika kusubiri mtu alitamke akiwa na nafsi na yambwa. Hivyo sehemu ya aya iliyokuwa njia imekuwa fundisho, na sehemu iliyokuwa shabaha imekuwa kishazi kinachosomwa haraka.

Swali linalofuata ni la semantiki. Je, -nyakua ni kitenzi cha furaha? Mtenda wake wa kawaida pwani ni mwewe, na mtendwa ni kifaranga. Mtenda mwingine ni kibaka, na mtendwa ni mkoba. Upande wa Kenya, ambao redio zake husikika hadi Horohoro, kitenzi hiki kimefungamana na ardhi: unyakuzi na wanyakuzi ni maneno ya siasa ya mashamba, na katika pwani yenye maskwota wengi hayatamkwi kwa tabasamu. Ukweli kwamba kanisa limechukua umbo la -o (unyakuo) na siasa imechukua la -zi (unyakuzi) unaonyesha jinsi lugha inavyojitahidi kutenganisha vitu visivyopaswa kukutana. Lakini mzizi ni mmoja, na sikio halisahau.

Ni haki kutaja ushahidi wa upande wa pili. Magazeti ya michezo hunyakua kila wiki: timu hunyakua kombe, mwanariadha hunyakua medali. Hapo pana shangwe tele. Lakini shangwe hiyo ni ya anayenyakua. Kombe halishangilii. Mwamini, katika sarufi ya tutanyakuliwa, yuko upande wa kombe, au upande wa kifaranga, kutegemea nani anahubiri. Watafsiri hawakukosea, kwa maana kitenzi cha Kigiriki nacho kina nguvu ya kupokonya kwa ghafla. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, ilichagua njia laini zaidi na kusema watu watakusanywa. Ukali umepungua, na pamoja nao ile hali ya ghafla. La kufurahisha ni kwamba tafsiri zote mbili, zilizotofautiana kwenye kitenzi cha kwanza, zimekubaliana kwenye cha pili. Zote zina -laki.

Kwa nini -laki na si -pokea au -kuta? Jaribio dogo linatosha. Sentensi (2a) inakubalika. (2b) inakataliwa na mzungumzaji yeyote wa pwani.

(2) a. Babu aliwapokea wageni akiwa kitandani.
b. *Babu aliwalaki wageni akiwa kitandani.

Kulaki kunadai miguu. Anayelaki ametoka alipokuwa, amekwenda sehemu ya njia, na amemkuta mgeni kabla hajafika. Kinadai heshima pia: hakuna anayemlaki mdai. Na kinadai kwamba ujio uwe umekwisha kujulikana, kwa kuwa mtu hutoka baada ya kusikia habari. Sifa hizi tatu, yaani mwendo, heshima na habari, ndizo zinazokifanya kiwe kitenzi cha furaha bila kutaja furaha. Vigelegele, ngoma na matawi ni mapambo yake. Si lazima yatajwe.

Watafsiri wa Union Version walikitumia kwa uthabiti unaostahili kusifiwa. Kigiriki cha Agano Jipya kina nomino maalumu ya kwenda kumpokea mtu mashuhuri nje ya mji, na mbali na aya ya Wathesalonike inatokea katika mfano wa wanawali kumi na katika Matendo ya Mitume 28:15, ambapo ndugu wa Rumi walitoka hadi Soko la Apio kumkuta Paulo. Mahali pote hapo Kiswahili kina -laki. Hata umati uliotoka Yerusalemu na matawi ya mitende katika Injili ya Yohana (12:13) ulikwenda kulaki. Kwa msomaji wa Kiswahili, matukio haya yanaunganishwa na uzi mmoja ambao tafsiri nyingi za Kiingereza, zinazotumia kitenzi cha jumla cha kukutana, haziuonyeshi. Wakristo wa pwani huuigiza uzi huo kila Jumapili ya Matawi wanapotoka nje na makuti ya minazi, kisha wakaandamana kurudi kanisani. Hayo ni maandamano ya kulaki, ijapokuwa si wengi wanaoyaita hivyo.

Tukio la Matendo lina somo la ziada. Paulo alikuwa mfungwa chini ya ulinzi. Waliomlaki hawakwenda kukaa naye njiani, wala yeye hakuwachukua kwenda nao kwingine. Walimsindikiza kuingia mjini mwao. Ndiyo maana ya kawaida ya kulaki hata leo: ukienda hadi kituo cha mabasi kumlaki shangazi, unabeba mzigo wake na mnarudi pamoja nyumbani. Wanatheolojia wanabishana kama mkutano wa hewani unaelekea mbinguni au unarudi duniani, na isimu haina mamlaka ya kuwaamulia. Inachoweza kusema ni kwamba Mswahili anayesikia tumlaki, bila kufundishwa lolote, hutegemea kurudi pamoja na mgeni.

Tofauti hiyo haiishii katika kamusi. Atakayenyakuliwa ana sababu ndogo ya kufagia uwanja, kwa kuwa nyumba itaachwa. Atakayelaki na kurudi na mgeni anajua kwamba mgeni ataingia humo humo, ataona choo, ataona jikoni, atauliza habari za jirani. Baadhi ya Wathesalonike walikuwa wameacha kazi, na waraka wa pili kwao unawakemea. Pwani ya Tanga kazi hupimwa kwa mti: mnazi mrefu wa asili huhitaji miaka 6 hivi au zaidi kabla ya kuzaa. Mkulima anayeamini kwamba Bwana yu karibu, na bado akachimba shimo la mnazi, anaweza kuonekana kuwa na imani haba. Kwa sarufi ya -laki anafanya usafi wa uwanja.

5.0 Mwenyeji, Mgeni na Raia

Katika Waraka kwa Wafilipi 3:20, Union Version inasema wenyeji wa waamini uko mbinguni. Msomaji wa leo hushtuka kidogo, akidhani chapa imekosewa, kwa kuwa wenyeji humjia kama wingi wa mwenyeji, na hapo alitarajia wako. Upatanisho uko unamsahihisha: neno hilo ni nomino dhahania ya ngeli ya U, hali ya kuwa mwenyeji. Biblia Habari Njema imeondoa utata kwa kutumia raia. Mahali kama Horohoro, neno hilo linaeleweka papo hapo. Raia ni mtu mwenye karatasi. Anapita dirisha hili, haulizwi lile. Fundisho kwamba Mkristo yuko hapa kwa muda, akiwa na uraia wa kwingine, halihitaji mfano mwingine mbele ya kituo cha uhamiaji.

Lakini badiliko hilo lina hasara. Raia ana haki; mwenyeji ana haki na pia ana mgeni. Mwenyeji ni mzawa wa mahali, na ndiye anayepokea watu mahali hapo. Ni yeye anayelaki. Kwa neno moja, Union Version iliacha mlango wazi kati ya fundisho la mbinguni na adabu ya nyumbani, na raia limeufunga. Mgeni nalo lina pande mbili, mtu asiyejulikana na mtu anayekirimiwa, na maandiko ya Kikristo huzitumia zote: mwamini ni mgeni duniani, na Bwana ni mgeni ajaye. Atakayesema kwamba mifano hiyo inagongana hajakosea. Lugha ya imani huishi kwa migongano ya namna hiyo, na Kiswahili kinaibeba kwa urahisi kuliko lugha zinazomtenga mgeni wa kukirimiwa na mgeni wa kushukiwa kwa maneno mawili.

Methali ya pwani imekwisha kuyaweka mambo haya katika maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitenzi cha kwanza ni amri, tena katika umbo lisilofuata kanuni, kwa kuwa -ja haina amri ya kawaida. Cha pili ni dhamira tegemezi ya kusudi, sawa kabisa na tumlaki. Ujio wa mgeni ni dawa ya mwenyeji. Kwa kawaida methali hutafsiriwa kwa kutazama chakula: mgeni akija, nyumba yote hula vizuri siku hiyo. Tafsiri hiyo ni sahihi, na haina sababu ya kuonewa aibu mbele ya tafsiri ya kiroho. Kitabu cha Ufunuo nacho kinamalizika kwa mwito wa njoo, na anayeita ni bibi harusi.

6.0 Majilio, Marejeo na Naja

Nomino rasmi za taraja hii ni mbili. Majilio, jina la kipindi cha kabla ya Krismasi kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, limetokana na -ja kupitia -jia na -jilia: kuja, kuja kwa fulani, kumjia fulani hasa. Kauli ya kutendea imejirudia, na kwa hiyo ndani ya neno mna mtu anayejiwa, hata kama hatajwi. Marejeo, kwa upande wake, yana asili ya Kiarabu na maana ya kurudi. Ni neno lile lile ambalo wanataaluma huliandika juu ya orodha ya vitabu mwishoni mwa kazi zao, na wanafunzi waliolelewa kanisani hutabasamu wanapoliona hapo kwa mara ya kwanza. Majilio huadhimisha ujio uliokwisha kutokea na ule ambao bado. Marejeo hushughulika na wa pili tu.

Ugumu huo wa njeo unaonekana wazi mwishoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho (16:22), ambapo Union Version imeacha maneno ya Kiaramu bila kuyafasiri: Maran atha. Yakigawanywa hivyo yanaelekea kumaanisha kwamba Bwana wetu amekuja. Yakigawanywa marana tha, ni ombi la kwamba aje. Kiaramu kinaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Kiswahili hakiwezi. Ni lazima kichague kati ya -me- na njoo, na pengine hiyo ndiyo sababu watafsiri waliona heri kunyamaza.

Hata hivyo Kiswahili kina njia yake, nayo imo katika kitenzi kifupi kuliko vyote. Ahadi ya mwisho ya Ufunuo (22:20) imetolewa kwa njeo ya -a-, naja, si kwa njeo ijayo, nitakuja. Wasomi wa sarufi huieleza njeo hiyo kama wakati uliopo usiodhihirika, na kwa maelezo hayo ahadi inaonekana kuwa ya ajabu, kwa kuwa karne zimepita. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, naja (au nakuja, kama wengi wasemavyo sasa) lina matumizi ambayo vitabu vya sarufi vimeyapuuza. Mtu aliyeketi na wenzake barazani huinuka, hugeuza mgongo, huanza kuondoka, na wakati huo huo husema "naja". Mgeni wa lugha hushangaa, kwa sababu anayesema anaja ndiye anayekwenda. Wenyeji hawashangai. Wanajua kwamba anayesema hivyo alikuwapo hapo, kwamba kiti chake hakikaliwi, na kwamba kikombe chake kimeachwa mezani kikiwa na kahawa.